Mahali pa Kushinda

Yusta alinipigia simu asubuhi kunijulisha kwamba mama yake amefariki, na kabla hajakata akaniambia nije bila kukosa, kwa sababu mimi ni mtani wao na nisipofika hakuna atakayewachekesha. Alisema hivyo huku analia. Nilipanda basi siku hiyohiyo, na njia nzima, Mungu anisamehe, sikumfikiria marehemu. Nilimfikiria mumewe, Mzee Chibago, ambaye alitangulia zamani, nami nilikuwepo. Nilikaa nyumbani kwao Kikuyu, Dodoma, mwaka mmoja tu, nikiwa mwanafunzi wa chuo pale mjini, nimepanga chumba chao cha mwisho. Tangu hapo nimeishi nyumba nyingi, nyingine nzuri kuliko ile, lakini nikiota niko nyumbani, chumba ninachokiona ni kile: kitanda cha kamba, dirisha la nyavu lililojaa vumbi, na ukuta ambao haukufika juu.

Ya kwetu Tabora nayaacha. Ila ukuta siwezi kuuacha. Waliojenga nyumba ile waliishiwa matofali, au walichoka, wakaacha nafasi kati ya ukuta na bati, na katika nafasi ile maneno yalipita kama hakuna ukuta kabisa. Mwezi wangu wa kwanza pale nilikuwa nakohoa ili wenye nyumba wakumbuke kwamba nipo. Baadaye niliacha, nao hawakujali. Mzee alikuwa akiona taa yangu inawaka anasema kwa sauti, bila kuinuka kitini, "Mnyamwezi, bado hujarudi kwenu? Mizigo ilikwisha siku nyingi." Nami namjibu kwamba siwezi kurudi kwa sababu Wagogo wametutoza hongo hata kwa maji ya kunywa, na mpaka leo hawajaturudishia. Anacheka peke yake kule. Utani wa makabila yetu ni wa zamani, tangu babu zetu walipokuwa wapagazi na babu zao wakiwa ndio wenye visima na watoza hongo, ushuru wa kupita, na mtani ana ruhusa ya kumwambia mtu jambo ambalo ndugu yake wa damu hawezi. Nilipoingia nyumba ile nilidhani hiyo ni ruhusa ya kucheka tu.

Mzee Chibago alikuwa karani wa masijala katika shirika moja la umma. Alianza akiwa kijana, akapandishwa cheo polepole kama walivyopandishwa watu wa wakati wake: unakaa, unahesabiwa miaka, unapanda. Kisha shirika likauzwa. Wakaja watu wapya na kompyuta, wakafanya usaili, na wenye ujuzi wakabaki. Yeye aliambiwa kwamba utumishi wake wa muda mrefu unathaminiwa sana, akapewa kiinua mgongo chake, akakabidhi funguo. Kiinua mgongo kilikuwa kimeshageuka bati na kishamba cha zabibu kabla mimi sijafika. Kilichokuwa hakijageuka kitu chochote ni mchana. Aliamka alfajiri kama zamani, akanyoa ndevu, akavaa shati la mikono mirefu, akanywa chai, halafu akakaa sebuleni akiwa amevaa viatu. Nilikuwa nikitoka kwenda chuoni namwacha hapo, na nikirudi namkuta hapo, viatu bado viko miguuni.

Mkewe, Mama Yusta, alikuwa na msimamo mmoja juu ya jambo hilo, na nilimsikia akiutoa wakati tunakula. Ilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na yeye alikuwa hali, anamega tonge na kulirudisha. Alisema mwanamume asishinde nyumbani. Nilidhani ni yale maneno ya wake waliochoshwa na mume mwenye kuulizauliza chumvi, nikatabasamu. Akanigeukia akasema, "Usicheke, mwanangu. Kaka yangu alistaafu kule Mpwapwa akashinda nyumbani. Hakuwa na ugonjwa wowote. Mvua zilimkuta amekaa, mavuno hayakumkuta." Mzee alikuwa anautazama mlenda. Tangu siku ile nilijua kwamba mama yule hatafuti pesa wala utulivu wa nyumba. Anatafuta mahali pa kumpeleka mumewe kila asubuhi ili asife.

Mimi ndiye niliyempeleka kwenye duka la intaneti. Lilikuwa kando ya barabara ya kwenda mjini, baina ya kinyozi na duka la misumari, chumba kirefu chenye kompyuta za migongo mikubwa, kila moja imefunikwa kitenge kwa ajili ya vumbi. Nia ilikuwa ajifunze kuchapa, aandike barua za kuomba kazi. Alijifunza, tena haraka, lakini barua zake hazikujibiwa, na wakati anasubiri majibu alikuwa anatazama tunachofanya sisi wanafunzi. Wakati ule wengi wetu tulikuwa tumenaswa na mchezo mmoja uliochezwa na watu wa dunia nzima kwa pamoja. Haukuwa na picha za maana, ni maandishi na majedwali: una ngome, una mashamba, una askari, na majirani zako ni watu wa Ufini na Brazili ambao hutawaona maishani. Kila baada ya muda mchezo ulikupa zamu, na kwa zamu hizo ndipo unalima, unajenga, unamshambulia mwenzako. Zamu zikijaa na mwenyewe haupo, zinamwagika kama maji ya ndoo iliyosahauliwa bombani. Aliyekuwepo alizikinga zote.

Mzee aliuliza maswali mengi siku moja, na aliyemjibu alikuwa Gasto. Huyu alikuwa mwanafunzi mwenzangu, mfupi, mwenye maneno makali, na sijaona tena mtu mwenye akili ya mchezo kama yeye. Alikuwa anaingia dukani baada ya vipindi, anakaa kidogo tu, anasoma majedwali kwa kidole, anagundua ni nani ametuma askari wake mbali na hajawarudisha, anampiga, anaondoka. Kazi ya muda mfupi, na kwa muda huo mfupi alikuwa anawatesa watu ambao hawakutoka kwenye kiti tangu asubuhi. Lakini hakuweza kuwafikia wale wa juu kabisa, na jambo hilo lilimkera mpaka akakosa raha. Mzee alipomuuliza ni nani anayeshinda katika mchezo huu, Gasto alimjibu kwa dharau, si kwake bali kwa mchezo wenyewe, "Mzee, hapa anayeshinda ndiye anayeshinda." Sisi tulicheka, kwa sababu tuliujua uchungu wake: anayeshinda kutwa kwenye kompyuta ndiye anayeibuka mshindi, hata kama hana akili. Mzee hakucheka. Alimtaka arudie. Gasto akarudia. Mzee akasogeza kiti karibu.

Alikubaliana na mwenye duka. Yeye atafungua mlango asubuhi, atakunja vitenge, atafuta vumbi na kuchota maji ya kumwagia sakafu, na kwa kazi hiyo ataachiwa kompyuta ya pembeni, ile ambayo herufi zake mbili zilikuwa haziingii mpaka uzigonge kwa nguvu. Ngome yake aliiita Masijala. Tulimwambia watu huchagua majina ya kutisha, majina ya simba na radi. Akasema hajapata kuona kitu cha kutisha kama masijala. Basi akaanza kukaa. Hakuwa mshambuliaji. Alilima, akajenga, akaweka akiba, akarekebisha, akangoja zamu nyingine. Alikaa na mgongo ulionyooka, mikono mezani, kama karani anayengoja faili lishushwe. Tangu duka lifunguliwe hadi lifungwe, zamu haikumwagika hata moja. Watu wa Ufini na Brazili walikuja juu, wakashuka, wakachoka, wakaoa, sijui, lakini Masijala ilikuwepo kila walipofungua, imeongezeka kidogo. Mvua zilipokwisha, jina lile lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa wakubwa, na wanafunzi walikuwa wanakuja kusimama nyuma ya kiti chake kumtazama tu.

Nyumbani mambo yalibadilika, na haya niliyasikia juu ya ukuta. Jioni akirudi, mkewe anamuuliza kama wanavyoulizana watu wote, "Umeshindaje?" Zamani alikuwa anajibu salama, basi. Sasa alikuwa anajibu, "Nimeshinda," halafu wanacheka wote wawili. Kisha anamsimulia. Mama Yusta hakuwa na habari na kompyuta, lakini aliwajua majirani wa Masijala kwa majina na alikuwa na maoni juu yao. Kulikuwa na Mfini mmoja aliyevunja mkataba, na mama akawa anamuulizia kila jioni kama mtu anavyouliza habari za mwizi wa mtaani, kama ameshikwa. Nilikuwa nimelala chali na kitabu changu cha uhasibu kifuani, nasikiliza, na nilikuwa na furaha ambayo haikunihusu. Mzee alikuwa ametoka kazini. Hivyo ndivyo sauti yake ilivyokuwa, sauti ya mtu aliyetoka kazini na ana ya kusimulia.

Saa ya chakula cha mchana ndiyo iliyokuwa udhaifu wake. Mzee alizoea kurudi nyumbani kula, kama alivyofanya enzi za ofisi, na Gasto aliliona hilo. Siku moja alikatisha kipindi, akaingia dukani wakati Mzee yuko nyumbani anakula, akaipiga Masijala kwa mpango alioupanga wiki nzima. Aliporudi Mzee alikuta sehemu kubwa ya mashamba yake imechukuliwa. Nilikuwepo. Alisoma taarifa yote mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akasema taratibu kwamba ni kazi nzuri. Lakini kuanzia siku ile hakurudi tena nyumbani mchana. Mama Yusta akawa ananipa hotipoti nimpelekee, na mimi nikawa napita katikati ya mji na ugali wa mtu chini ya kanga, nikichekwa na wenzangu kwamba nimeolewa. Alikuwa anakula mkono mmoja, mwingine uko kwenye mausi. Namwambia, "Wewe Mgogo, njaa haikujui?" Ananijibu kwamba mpagazi ashushe mzigo aondoke, asingoje chenji.

Kati ya Gasto na Mzee hapakuwa na chuki. Palikuwa na ubishi, na ubishi huo uliniingia akilini na haujatoka. Gasto alisema si haki mtu kumpita mwenzake kwa kukaa. Alisema yeye ana masomo, wengine wana kazi na watoto, wanapata nafasi ndogo tu ya kucheza, na nafasi hiyo ndogo ipimwe kwa akili waliyoitumia. Mzee alisema kukaa ni ujuzi pia. Alisema watu wanadhani kukaa ni kutofanya kitu kwa sababu hawajawahi kukaa. Waambiwe wakae miaka yote ile, faili lisipotee hata moja, waone. Nilikuwa naona wote wawili wako sawa, na nilijidharau kwa kuona hivyo. Siku hizi nimeona watu wakipandishwa vyeo na wengine wakiondolewa, na kila mara ubishi ni uleule, na aliye kwenye nafasi ya kuamua siku zote ni mtu mwenye shughuli nyingi.

Gasto akapeleka malalamiko yake kwenye baraza la mchezo, ule ukurasa ambapo wachezaji walizungumza na waliotengeneza. Kumbe hakuwa peke yake. Watu wa kila nchi walikuwa wanalalamika hivyohivyo, wengi wao wakiwa ni watu wa ofisini. Mzee alisoma yote, akaniomba nimsaidie naye aandike. Alitunga kwa Kiswahili kwanza, kwa mtindo wa ofisi, akiweka na kichwa cha barua: Yahusu Muda wa Utumishi. Alieleza kwamba yeye ni mtumishi wa mchezo huo tangu mvua, hajakosa siku. Aliomba wanaokaa wasihesabiwe kuwa hawana akili, na kama mabadiliko ni lazima, basi wenye muda mrefu wafikiriwe. Niliyageuza kuwa Kiingereza kadiri nilivyoweza, nikabonyeza. Majibu yalikuja mchana uleule. Mmoja, sijui wa nchi gani, aliandika mstari mmoja tu. Mzee alikijua Kiingereza cha kusoma, kwa hiyo sikuwa na namna ya kumficha. Ulisema: Babu, katafute kazi.

Mzee akamuuliza Gasto, kwa upole kabisa, "Huyu bwana yeye anafanya kazi gani?" Gasto akasema hajui. Gasto yule ambaye hakuwahi kukosa neno alikuwa anatazama sakafu. Mzee akasema huenda ni kazi nzuri, akarudi kwenye kompyuta yake, kwa sababu zamu zilikuwa zimejaa.

Uamuzi ulitoka kipindi cha upepo, wakati vumbi la Dodoma linaingia hata ndani ya mayai. Tangazo lilisema dunia ya mchezo itafungwa na kuanzishwa upya. Wote wataanza sawa. Na kuanzia sasa kila mchezaji atapata kiasi kimoja cha zamu kwa siku, kiasi kidogo, za kutumia kwa muda mfupi, ili mwenye nafasi ndogo asionewe na mwenye nafasi kubwa. Wachezaji wa zamani watatunukiwa nyota kando ya majina yao. Mzee alilisoma tangazo lile amesimama. Akauliza, "Ndiyo kiinua mgongo chetu? Nyota?" Wanafunzi waliokuwa nyuma yake walicheka, nami nilicheka, ilikuwa inachekesha kweli. Alicheka na yeye. Alichelewa kuacha kucheka.

Siku dunia mpya ilipofunguliwa alikuwa dukani kama kawaida, amekunja vitenge, amefuta vumbi. Alitumia zamu zake kwa uangalifu wote, akalima, akajenga nyumba ya kwanza ya Masijala. Halafu zikaisha. Kompyuta ikaandika kwamba amemaliza kwa leo, arudi kesho. Jua lilikuwa bado halijawa kali. Alikaa mbele ya maneno yale na mgongo wake ulionyooka. Akaona labda yatabadilika. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, alingoja kwa adabu, alingoja hata zaidi ya adabu, halafu akamwambia kwamba kama amemaliza ampishe mteja. Gasto aliingia jioni, akatumia zamu zake, akawapiga watu, na mwezi haukwisha alikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, akitembea chuoni kama aliyeoa. Haki ilikuwa imetendeka. Sisemi kwa kejeli. Niliyafikiria mno mambo hayo, na mpaka leo sioni mahali ambapo wale waliotengeneza mchezo walikosea. Hilo ndilo linaloniudhi. Ningempata mkosaji ningelala.

Mama Yusta alimwona anaingia uani asubuhi ile akadhani anaumwa. Nilikuwa nafua. Alimuuliza kuna nini, akajibu kwamba amemaliza. Akamuuliza amemaliza nini. Akasema kazi ya leo. Mama akautazama uso wake, akautazama uwanja mzima kana kwamba anatafuta mahali pa kumweka, akaingia jikoni na sikumsikia akigusa sufuria. Siku zilizofuata alimtafutia shughuli kwa hasira ya mtu anayezima moto. Akamtuma kwenye kishamba cha zabibu, lakini yeye hakuwa mkulima, alikata matawi yaliyotakiwa kubaki. Akamtuma Nkuhungu kwa jamaa yao mwenye mashine ya kusaga, akarudi amejaa unga na ameambiwa apumzike tu, mzee wetu, kazi hii ni ya vijana. Mimi nilimshauri atafute mchezo mwingine wenye utaratibu ule wa zamani, nikamwambia ipo, nikamtajia. Alinisikiliza mpaka mwisho kama alivyosoma mambo yote mpaka mwisho.

"Mtani," akasema, "mimi nimeambiwa nianze upya mara mbili. Ya tatu sina."

Akaanza kwenda kwenye lango la ofisi yake ya zamani. Hakuwa na la kudai pale. Kulikuwa na benchi nje, kando ya kibanda cha mlinzi, na mlinzi alimjua, akamwacha akae. Nilipita huko mara kadhaa na hotipoti, maana mama aliendelea kuifunga, akasema ilimradi ametoka nyumbani basi ametoka. Benchi lilikuwa juani. Alikaa vilevile, mikono magotini, akiwaangalia wafanyakazi wapya wakiingia na kutoka, na kila gari lilipopita alifuta vumbi kwenye miwani. Nikamtania kwamba sasa Wagogo wameanza kutoza hongo getini. Alitabasamu. Hakurudisha utani, na mtani asiporudishiwa utani hujua kwamba kuna jambo. Juu ya ukuta jioni nilimsikia mkewe akiuliza umeshindaje, naye anajibu salama.

Alianguka palepale kwenye benchi, siku za joto la mwisho kabla ya mvua. Walisema presha, kisha wakasema amepooza. Hospitalini alikuwa kitanda cha ukutani, mdomo umekwenda upande, hasemi, lakini macho yalitufuata. Tulipokezana mimi na mama. Yusta, binti yao, alikuwa ameolewa mbali na alikuwa mjamzito, mama akataka asishtuliwe, akasema aambiwe baba anaumwa kidogo. Jioni watu wa Kikuyu walikuja na chupa za uji, na kila aliyeingia aliuliza swali ambalo kila mtu huuliza, mgonjwa ameshindaje. Mama Yusta alijibu wote neno moja. "Ameshinda." Wao walisikia kwamba siku imekwisha na bado anapumua, wakashukuru Mungu. Mimi nilikuwa namtazama Mzee wakati neno lile linasemwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado na uhai kidogo, na kidole cha shahada kilikuwa kinabonyeza shuka, kinapumzika, kinabonyeza. Muuguzi alisema ni mishipa tu, tusiwe na wasiwasi.

Alikufa mchana, mimi nikiwa njiani na hotipoti. Siku ya mazishi mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa wa matope. Yusta, kwa hali yake, hakuweza kusafiri. Watani tunajua wajibu wetu msibani: kabla jeneza halijatoka, mtani humwigiza marehemu, awatoe waliofiwa machozi na kicheko kwa pamoja. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo, nilikuwa msichana, na pale palikuwa na wazee wa Kinyamwezi kutoka mjini waliostahili kunitangulia. Walinisukuma mimi, kwa kuwa ndiye niliyekaa naye. Nikaingia ndani nikachukua kiti chake cha sebuleni, nikakiweka mbele ya jeneza. Nikaleta kigoda, nikaweka juu yake kipande cha sabuni, nikakaa, nikanyoosha mgongo. Nikashika ile sabuni kama mausi. Watu wakaanza kuguna, wanafunzi waliokuja walinijua mara moja. Nikafuta miwani ambayo sikuwa nayo, nikasema kwa sauti yake nzito ya masijala, "Msinipigie kelele. Nashinda."

Uwanja mzima ulicheka. Gasto alikuwa nyuma, karibu na mwanya wa ua, na ni yeye peke yake niliyemwona hacheki; aligeuka akatoka nje. Mama Yusta alicheka kwa sauti, kicheko kile nilichozoea kukisikia juu ya ukuta, akajifunika kanga usoni, na kicheko kikaendelea chini ya kanga mpaka kikawa kitu kingine. Wanawake wakamshika. Mimi sikuweza kuinuka kitini, ikabidi wazee wanyanyue jeneza walipitishe pembeni yangu.

Gasto tumewasiliana miaka yote hii. Ana kazi kubwa kwenye kampuni ya simu, na ukimkumbusha mchezo ule anakueleza kwa utulivu kwamba haukuwa umesawazishwa, na kwamba kila mchezo wa watu wengi una tatizo hilo, muda wa mtu na akili ya mtu, ukimpa huyu unamnyima yule. Anaeleza vizuri. Hamtaji Mzee, nami simlazimishi. Mama Yusta niliendelea kumtembelea, na yeye pia hakumtaja kwa habari za mchezo hata siku moja, mpaka alipozeeka na kuanza kusahau. Mwaka jana nilimkuta amekaa mlangoni, jioni, akaniuliza kama yule Mfini ameshikwa. Nikamwambia ameshikwa. Akasema vizuri.

Safari hii nilipofika walikuwa wanangoja kumzika kesho yake. Nilifanya utani wangu kama nilivyotakiwa, nikawachekesha, kisha jioni ya mazishi nikakaa na Yusta kwenye kizingiti cha chumba kile cha mwisho. Siku hizi wanaweka magunia humo. Ukuta bado haujafika juu. Aliniambia kuna jambo moja mama yake hakukubali kumweleza mpaka anakufa, akimuuliza anaanza kulia, naye akaacha kuuliza. Baba aliachishwa kazi, hilo alilijua. Alikufa mwishoni mwa mwaka uliofuata, na hilo alilijua. Katikati hapakuwa na kitu. "Wewe ulikuwepo, dada," akasema. "Mwaka ule baba alikuwa anafanya nini?"

Nikaona uso wake, ni uso wa Mzee kabisa, nikamwambia kitu pekee kilichokuwa cha kweli.

"Alikuwa anashinda."

Yusta alinitazama, akingoja niendelee.

"Wapi?" akauliza.